Mwingine, Taja

Damaris alinikuta nimejipaka piko, nimefunga mfuko wa nailoni kichwani, na sikuona haya. Huku kwetu mzee mwenye mvi hakawii kuitwa mchawi, basi tunazitia nywele weusi tukiomba Mungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Mwezi mzima sikuwa nimeamkiwa na mtu. Majirani wakifika uani kwangu hugeuza nyuso.

Damaris alitoka chuo kikuu cha Kilifi, anafanya utafiti kuhusu wananchi na imani yao kwa polisi. Akafungua fomu. "Jina lako sitaliandika, bibi, kwa usalama wako."

Usalama wangu. Nikacheka kwa uchungu. Nikamweleza kwamba Tsuma, mtoto wa marehemu kaka yangu, analitaka shamba langu, ndiye anayenitangaza mchawi, na ameshanionyesha panga. Nilikwenda kituoni nikaandikisha. Jua halijazama, Tsuma alikuwa mlangoni kwangu ananirudishia maneno yangu yote, neno kwa neno.

"Basi unawaamini polisi kiasi gani, moja hadi tano?"

"Sufuri ipo?"

"Haipo, bibi."

"Tia moja, nisikutaabishe."

Akatia. Nikamshika mkono. "Mwanangu, andika jina langu. Siku wakinikata, watasema kafa bikizee mmoja mchawi, yaishe. Nataka karatasi moja tu iseme nilikuwapo na nililalamika."

"Nafasi ya jina haipo, bibi. Na siruhusiwi." Machozi yalimlenga. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia vilevile.

Likabaki swali la mwisho. "Ukiwa hatarini, unamkimbilia nani kwanza? Polisi, chifu, mzee wa mtaa, jamaa, jirani, au mwingine, taja."

Nikawapitia mmoja mmoja. Polisi wameshaniuza. Chifu hula kwa Tsuma. Mzee wa mtaa ndiye aliyenishauri nihame. Jamaa ndiye mwenye panga, na jirani hata salamu hanipi.

"Mwingine," nikamwambia.

"Taja, bibi."

"Kadzo Thoya, wa Dabaso."

"Ni nani wako huyo?"

"Ndiye mimi."

Kalamu ikasimama. Akanitazama, akaitazama fomu, kisha akainama akaandika polepole kwa herufi kubwa, jina langu na la baba yangu. Akanisomea.

Nikamwomba anisomee tena.