Nyumba Mbili za Queen

Mwaka ule wa tisini na tisa, hospitali zilikuwa zimekwisha kuzoea kuuliza mfuko wa mgonjwa kabla ya kuuliza ugonjwa wake. Ndiyo maana akina mama wanaokausha dagaa ufukweni Kirumba waliunda umoja wa kutibiana. Kila mama alichanga, akapewa kadi yenye majina ya watoto wake. Mtoto aliyeandikwa kwenye kadi alitibiwa katika zahanati yoyote iliyokubaliana na umoja. Asiyeandikwa alirudi nyumbani na homa yake.

Kazi ya kupanga kadi hizo alikabidhiwa Suzana, mkazi wa Mkolani, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia vijijini na malori yao, ushirika ulipunguza watu, naye Suzana akatoka na cheti cha kupiga chapa na mikono mitupu. Hakukaa kitako kulia. Alimwendea Antoni, fundi wa kompyuta katika kiwanda cha minofu ya sangara, akajifunza kwake hadi akaiva. Kiwanda kilipobadilisha mashine zake, umoja ukaomba moja iliyochoka, ukapewa.

Pamoja na mashine hiyo, Antoni alimpa Suzana disketi. Ndani yake mlikuwa na maktaba ya JavaScript, lugha mojawapo ya kuandikia programu za kompyuta. Si maktaba ya vitabu, bali akiba ya vipande vya programu vilivyokwisha kuchongwa, ambavyo mtu huviunganisha akapata kitu chake. Kila kipande kiliitwa elementi, na kila elementi ilikuwa na aina yake. Elementi ya tarehe ilipokea tarehe tu. Ukiiandikia "wakati wa kupalilia" iligoma. Elementi ya namba haikutaka maneno. Tena elementi moja iliweza kubeba nyingine: nyumba ilimbeba mama, na mama aliwabeba watoto wake. Suzana alizipenda elementi hizo mno. Katika ushirika alikuwa ameona mengi: uzito wa pamba umeandikwa mahali pa jina la mkulima, na hakuna aliyekemea. Hapa mashine yenyewe ilikemea.

Akajitungia kanuni moja ya usafi wa kazi. Mtoto aandikwe mara moja tu. Akihitajika tena achaguliwe kutoka miongoni mwa waliokwisha kuandikwa, ili asiwepo mtu mmoja mwenye sura mbili.

Akina mama walikuja, wakataja watoto wao, wakaandikwa. Tereza, mdogo wake Suzana, alitaja watatu: Queen, Shimba, na Hellen aliyekuwa bado ananyonya. Nyumba ya mwisho kuandikwa ilikuwa ya Suzana mwenyewe. Alipofika penye watoto hakusita hata kidogo. Alimchagua Queen.

Hapo yafaa ieleweke. Suzana hakujaliwa kuzaa. Queen, kifungua mimba wa Tereza, alikuwa na pumu, na vumbi la dagaa pamoja na moshi wa Kirumba vilimbana kifua hata akawa hawezi kumaliza sentensi. Tangu aanze shule alikaa Mkolani kwa Suzana, kwenye hewa nafuu. Aliwaita wote wawili "mayu", kama Wasukuma wanavyomwita mama. Majirani wa Mkolani walimwita Suzana Mama Queen. Wa Kirumba walimwita Tereza hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Katika ukoo wao mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako. Kusema "huyu ni wa mdogo wangu" ni sawa na kumfungulia mtoto mlango atoke. Kwa hiyo Suzana alipoulizwa watoto wake, hata na mashine, alijibu kama alivyofundishwa kujibu tangu utotoni.

Karatasi za majina zikatolewa, zikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya umoja. Mama Perez, mwenye ulimi usiopoa, ndiye aliyewasomea wenzake.

"Nyumba ya Tereza: Shimba, Hellen. Basi!" alisema. "Nyumba ya Suzana: Queen. Jamani, njooni muone! Wengine wanazaa leba, wengine wanazaa kwenye kompyuta!"

Wakacheka. Tereza hakucheka. Alikung'uta vumbi la dagaa mikononi, akaenda moja kwa moja hadi Mkolani. Alimkuta dada yake anafua, wala hakumwamkia.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Si yuko shuleni? Kuna nini, mdogo wangu?"

"Nauliza kwenye karatasi zenu. Kwangu hayupo. Kwako yuko peke yake, kama yai kwenye kiota."

Suzana alisimama, povu likimtiririka viganjani. "Haiwezekani. Nilimwandika kwako kwa mikono yangu. Mashine imekosea."

"Mashine ina tumbo la uzazi, hata itamani mtoto wa mtu?"

Neno hilo lilimchoma Suzana mahali ambapo Tereza alijua vizuri kuwa ndipo panapouma. Kisha Tereza akaingia ndani, akakusanya nguo za Queen kwenye kanga na kufunga fundo. "Nilikupa mtoto umlee," alisema kwa sauti ya chini. "Sikukupa umhamishe." Mtoto alipotoka shuleni, alimpokea njiani, wakaondoka.

Suzana hakuogopa aibu ya Kirumba. Aliogopa mambo mawili tu: kifua cha Queen katika moshi ule, na nyumba yake bila Queen.

Asubuhi iliyofuata aliwahi ofisini, akaifungua kazi yake. Nyumba ya Tereza haikuwa na Queen, ingawa alikumbuka vema kumwona pale. Ili ajue ukweli, alimchukua Shimba kutoka miongoni mwa walioandikwa, akamweka katika nyumba ya majaribio. Alipoitazama tena nyumba ya Tereza, Shimba naye hakuwepo. Alimrudisha haraka, kama mtu aliyeshika kitu cha watu, akaenda kumtafuta Antoni kiwandani.

"Umesahau, mama," Antoni alimwambia wakiwa wamesimama kwenye lango. "Elementi moja haikai mahali pawili. Ukiiweka pengine, inahama yenyewe. Ng'ombe mmoja halali mazizi mawili."

"Mwanangu si ng'ombe, Antoni."

"Samahani. Basi tengeneza Queen wa pili, jina lile lile, umweke kwako. Nani atajua?"

Suzana alifikiri. Lilikuwa jambo jepesi, na mashine isingelikataa. "Wa kweli akichomwa sindano, huyo wa pili atasomeka hajachomwa," alisema. "Wa kweli akizidiwa, huyo wa pili atasomeka mzima. Sitaki mtoto wa uongo akae karibu na yule wa kweli. Nipe njia nyingine."

Antoni alikuna kidevu. "Basi usimweke ndani ya nyumba yoyote. Mwache mtoto asimame peke yake. Halafu tunga elementi nyingine, ya uhusiano. Upande huu inamwonyesha mtu mzima, upande huu inamwonyesha mtoto, na katikati inataja aina ya uhusiano wenyewe. Mtoto hahami. Kinachoongezeka ni kamba."

Suzana alirudi ofisini akafanya kazi hiyo siku tatu, kwa bidii ya mtu anayezima moto. Aliwatoa watoto wote katika nyumba, akawapa mahali pao, kisha akamfunga kila mmoja kwa mzazi wake. Maneno yaliyoruhusiwa katikati ya kamba yalikuwa matatu: mama, baba, mlezi. Aliweka pia sharti kwamba kila mtoto awe na mama mmoja tu. Alipoifikia kamba yake mwenyewe, hakuifunga. Akaiacha, akamwomba mwenyekiti wa umoja amwite Tereza.

Mwenyekiti, Mama Maige, alikuwa mtu wa haki asiyependa maneno mengi. Alimketisha Tereza kwenye benchi, naye akaketi kati ya ndugu hao wawili kama kizuizi.

"Mdogo wangu, sitaki uniamini kwa maneno," Suzana alisema. "Nimebakiza kazi ya zamani kama ilivyokuwa. Tazama. Nyumba yako hii. Msome Shimba."

"Namwona."

"Sasa namweka kwa Mama Maige. Sigusi kwako. Umeona sijagusa?"

"Nimeona."

"Tazama kwako."

Tereza alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Palibaki Hellen pekee. "Yu wapi? Mrudishe!" Alimshika dada yake bega. "Mrudishe, dada!"

"Mrudishe upesi," alisema Mama Maige. "Mimi nilikwisha kustaafu kulea, tena huyo Shimba namjua anavyokula."

Tereza aliguna, cheko likamponyoka bila ridhaa yake. Shimba aliporudi mahali pake, Tereza alishusha pumzi.

"Kumbe Queen ulimtaja tu," alisema.

"Nilimtaja tu. Ningemtaja nani mwingine?"

Suzana alifungua kazi mpya, akamweleza habari ya kamba kwa utaratibu. Akamwonyesha Queen amesimama peke yake, na kamba ya Tereza ikisoma "mama". Kisha akasema, bila kumtazama, "Ya kwangu nitaandika mlezi. Inatosha. Kadi itanifaa zahanati ya Mkolani, akibanwa."

"Mlezi!" Tereza aligeuka. "Hilo ni neno la watu wa vituo vya yatima. Queen ana uyatima gani? Andika mama."

"Mashine inakubali mama mmoja."

"Nani aliyeiambia hivyo?"

"Mimi."

"Basi iambie vingine. Kwani ni sheria ya serikali?"

Mama Maige alikohoa. "Msikimbie. Waganga wa zahanati wanataka kujua aliyezaa ni nani. Kuna magonjwa ya ukoo, kuna damu. Wakisoma mama wawili watatuuliza kama tumelewa."

Alisema kweli, na wote walijua. Suzana aliitazama kamba ile. Neno moja lilikuwa limebebeshwa mizigo miwili: kumwita mtoto wako, na kumtoa tumboni. Elementi njema haibebeshwi hivyo. Aliondoa sharti la mama mmoja. Halafu, chini ya neno "mama", akaongeza elementi ndogo isiyopokea kitu ila ndiyo au hapana, akaiita "amemzaa".

Kwenye kamba ya Tereza aliweka ndiyo. Kwenye yake aliandika mama, na mashine ikalipokea neno hilo bila kugoma. Ikabaki ile ndogo, tupu, ikingoja. Programu ilikataa kuendelea mpaka ijazwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipa ukali huo.

Miaka yote alikuwa ameulizwa swali hilo na mawifi, na majirani, na manesi, na kila mara alilikwepa kwa mzaha au kwa kumtaja Mungu. Tereza alielewa kilichokuwa kikimsumbua. Alitaka kusema, "Niachie nikubonyezee," lakini akauma mdomo. Suzana aliweka kidole mwenyewe, akachagua hapana.

Mashine ikaendelea. Kadi ya Queen, maana sasa kila mtoto alikuwa na yake, ikatokea kiooni, ina majina mawili ya mama.

"Mbona lako limetangulia?" Tereza aliuliza.

"Inafuata alfabeti."

"Alfabeti haikukesha leba." Alisema kwa ukali wa kujikaza, macho yamemlowa. "La kwangu litangulie."

"Ni haki yako," Suzana alijibu. Akaibadilisha ile orodha, aliyezaa awe wa kwanza. Mama Maige akasogea kando, maana hapakuwa tena na haja ya kizuizi.

Kadi ilipochapishwa, Tereza aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akaikunja na kumkabidhi dada yake.

"Shika wewe. Kifua kinambana tangu majuzi, usiku hajalala. Nenda ukamchukue pale nyumbani sasa hivi. Umpitishe zahanati ya kwenu kabla hawajafunga. Mimi nina dagaa juani, na mawingu yale siyaamini."