Shavu la Kulia la Kinyozi

Mchoraji alipovuta turubai na kuufunua ukuta, Kinyozi hakupiga makofi. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, kaka."

"Mimi? Mimi na huyu aliyeficha limau shavuni?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Yeye ni fundi wa cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda dukani kununua chumvi. Aliitazama picha. Palikuwa na mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, mkasi mkononi, na chini yake maandishi mekundu makubwa: SURA SAWA. Picha ilikuwa nzuri kwelikweli, ila taya la kulia lilijaa na la kushoto lilikuwa limenywea. Akamtazama mumewe. Akautazama ukuta tena.

"Amekupatia," alisema.

"Amenipatia nini?"

Mama Futi alivua futi, akaishika chini ya pua ya mumewe, akaivuta hadi sikio la kulia, halafu hadi la kushoto. Akarudia, maana fundi hapimi mara moja.

"Kulia umezidi, Baba Watoto. Ungekuwa suruali, ningekufumua."

Mchoraji aligeuka upande akajifanya anasafisha brashi, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Basi Jumamosi ijayo sifungui," alisema Kinyozi. "Duka linaitwa Sura Sawa, na mwenyewe uso umekwenda upogo. Nani atanikabidhi kidevu chake wakati changu kimenishinda?"

"Mimi nilikukabidhi maisha yangu, na shavu ni hilo hilo."

"Wewe ulikuwa hujaliona!"

Hapo alisema kweli. Miaka yote hiyo Mama Futi ameishi na uso huo, ameupikia, ameufokea, na hakuwahi kuona kuwa una upande. Lakini suala la kutofungua hakutaka hata kulisikia. Kinyozi alikuwa amekodi kiti katika saluni ya mtu mwingine tangu ujana wake. Sasa alikwisha kuaga, na kiti kile kilikwisha kukaliwa na kijana mwenye mikono mepesi. Viti vipya vimefungwa, vioo vimetundikwa, jamaa wamealikwa. Jumamosi ikipita mlango ukiwa umefungwa, watu watasema duka limekufa kabla ya kuzaliwa, na maneno ya watu hayana dawa ya kufutia.

"Utafungua," alisema.

"Nitafungua taya likiwa sawa."

"Basi lisawazishe. Una wiki."

Hilo ndilo kosa alilofanya Mama Futi, kwani mtu akishapewa ruhusa ya kujitibu, kila mpita njia huwa daktari. Fundi Viatu wa jirani alikuja na kipande cha mpira wa baiskeli, akakipitisha chini ya kidevu cha Kinyozi na kukifunga fundo utosini. "Taya ni kama soli," alieleza. "Ukiibana vizuri, inashika." Kinyozi alishinda kutwa amefungwa kama kifurushi kinachosubiri kutumwa, akijibu watu kwa kuguna.

Kesho yake akaja wifi yake Mama Futi, mwanamke asiyekosa jibu, akaleta pakiti ya chingamu. "Kaka, upande mdogo ni mvivu tu. Mpe kazi. Tafuna kushoto mpaka ushindane na huo mwingine."

Kinyozi akatupia chingamu kushoto. Akatafuna kidogo, akafumba jicho moja, na mara chingamu ikawa kulia.

"Imehama," alisema Mama Futi bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Imehama yenyewe."

"Chingamu haina miguu."

Angemfuatilia pale pale, lakini alikuwa na sare za shule za kushona, na mkono mmoja ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali. Akaliweka neno hilo akilini, kama mtu anavyochomeka sindano kwenye kola ili aichukue baadaye.

Jumapili asubuhi alisikia mashine ya kunyolea ikinguruma chumbani. Ilinguruma, ikanyamaza, kisha ikafuata sauti ya mwanamume aliyekanyaga msumari.

Kinyozi alitoka amejifunika taulo kichwani.

"Ondoa taulo."

"Kuna baridi."

"Ondoa taulo, Baba Watoto."

Aliondoa. Ndevu za kulia hazikuwepo. Palikuwa na njia nyeupe pana kutoka sikioni hadi kidevuni, kama barabara mpya iliyopita katikati ya shamba la watu.

"Daktari mmoja kwenye simu alisema msuli mkubwa unakandwa," alijitetea. "Na mashine ya kukanda inatetemeka. Sasa mashine yangu nayo inatetemeka. Nikasema, kwa nini tununue nyingine?"

"Na meno yake?"

"Nilisahau kuigeuza. Ilikuwa tamu, nikafumba macho."

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Mama Futi alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alisimama, akaenda jikoni, akarudi na ukoko wa mkate uliokauka kama kigae.

"Tafuna."

"Nimeshiba."

"Kushoto."

"Mama Watoto, mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima ndiye mwenye meno yote. Fungua mdomo."

Mama Futi amelea watoto wanne. Amewahi kutoa shanga puani na kifungo kooni, na hajawahi kushindwa na mdomo. Alimshika kidevu, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Kule nyuma kushoto, gego lilikuwa limetoboka katikati kama kinu.

"Tangu lini?"

"Haliumi."

"Nimeuliza tangu lini."

Kinyozi alitazama dari. "Tangu kitindamimba alipoanza shule."

"Kitindamimba yuko chuo!"

"Ndiyo maana nasema haliumi. Nimelizoea. Natafuna huku kwingine tu."

Hapo kila kitu kikajieleza. Miaka yote hiyo taya la kulia limefanya kazi ya wawili na kunenepa kama kuli, na la kushoto limekaa likizo. Na mtu huyu, anayepitisha wembe kwenye makoo ya watu huku akisimulia habari za mpira, alikuwa anamwogopa daktari wa meno.

Jumatatu alimpeleka. Hakumshauri, alimpeleka. Alimnyoa kwanza zile ndevu zilizobaki, ili asifanane na mtu aliyetoroka kazi katikati.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yao, mwenye mikono baridi na maneno machache. Alimwambia Kinyozi abane meno, akamshika mashavu yote mawili.

"Msuli wa kulia umekua kwa kutumika peke yake," alisema. "Huhitaji kisu, mzee. Gego hili halifai tena, nalitoa leo. Kidonda kikipona, tafuna pande zote mbili. Chingamu acha. Kanda kwa vidole na kitambaa cha uvuguvugu."

"Kwa vidole," Mama Futi alirudia, akimtazama mumewe.

"Usibane meno ukiwa na mawazo. Ukiwa unayasaga usingizini, tutakutengenezea kinga ya kuvaa. Ikishindikana kabisa, ipo sindano ya kuulegeza msuli, ila sidhani tutafika huko."

"Litakuwa sawa Jumamosi?" aliuliza Kinyozi.

"Jumamosi ya mwezi gani?"

"Hii."

Daktari alimtazama Mama Futi kwa huruma. "Itachukua miezi. Fungua mdomo."

Kinyozi alitoka pale na pamba mdomoni na roho mkononi. Njia nzima alikuwa anasema jambo ambalo, kwa ajili ya ganzi, lilisikika kama maji yanayochemka, lakini Mama Futi alilielewa: hafungui.

Ila Jumatano alfajiri alipiga kelele mbele ya kioo, na mkewe akaja mbio na mwiko.

"Pima! Pima haraka!"

Shavu la kushoto lilikuwa limevimba. Limevimba vizuri, mviringo, sawa na lenzake. Mama Futi alivuta futi kulia, akavuta kushoto. Akarudia.

"Sawasawa," alisema, na sauti ikamtoka ndogo. "Haki ya Mungu, sawasawa."

"Mwite Mchoraji kabla halijapungua!"

Mchoraji alikuja, akapaka rangi juu ya uso wa zamani, akamkalisha Kinyozi kwenye kiti barabarani na kuchora upya. Kila mara Kinyozi alikuwa anajigusa shavu na kumhimiza, kama mtu aliyepanda basi na mzigo wake bado uko chini. Jioni ukuta ulikuwa na mwanamume mnene, laini, asiye na ndevu, mashavu mawili kama maboga mapacha. Kinyozi aliutazama uso ule kwa mapenzi makubwa.

"Jumamosi tunafungua," alisema.

Jumamosi uvimbe ulikuwa umekwisha.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alisimama mlangoni, akautazama ukuta, akamtazama Kinyozi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Karibu kiti."

"Wewe? Yule ana afya. Mimi nataka yule."

"Ni mimi, bwana, nilikuwa nimevimba."

"Aah. Nitamsubiri tu." Akakaa kwenye benchi. Akaja wa pili, akaangalia ukuta, akakaa naye. Benchi likajaa watu wanaomsubiri mwenye mashavu, na viti vipya vikabaki vitupu vinang'aa. Jamaa waliokuja kupongeza walianza kunong'onezana. Kinyozi akashika tama, tena kwenye shavu lile lile.

Mama Futi alimshika mkono, akamvuta nyuma ya pazia, akachomoa pamba safi kwenye mkoba wake, akaiviringa na kuichomeka shavuni kushoto, mbali na kidonda. Kulia hakuweka kitu. Kulia kulikuwa na unene wake.

"Usiongee," alimwambia. "Nyoa."

Kinyozi alipotokeza, benchi zima lilisimama.

"Ndiye huyo! Mbona ulikuwa unajificha, mzee?" Dereva wa lori aliwahi kiti, akajitazama kwenye kioo, akageuza kidevu huku na huku. "Nipunguze hapa. Na hapa. Hapa usiguse."

Tangu alipokaa hadi alipofutwa shingo, macho yake hayakutoka kwenye uso wake mwenyewe. Mama Futi alikuwa amesimama nyuma na futi yake shingoni, akamnyooshea mumewe kidole kumwelekeza kwenye kioo: unaona? Nani anakuangalia wewe?

Kinyozi aliona. Akakung'uta kitambaa, akasema "Anayefuata!", na kwa sababu ya pamba ikatoka kama kikohozi cha mbuzi. Lakini aliyefuata akakaa.