Jina la Njia

Mzee Anselm wa Itetemia hakuwa na cheti ila kile cha elimu ya watu wazima, hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na picha hata moja ya mdogo wake Wilbroad, wala kaburi la kumwonyesha mtu. Mwandiko mzuri alikuwa nao. Huo ndio uliomponza.

Mwaka 1974 Wazungu walikuja kupiga filamu ya kutisha katika misitu ya kusini mwa Tabora. Ndani yake nyuki walionyweshwa sumu ya mashambani wanawageukia binadamu. Walitaka wapagazi wanne. Wapagazi, wakati mizigo inakwenda kwa treni! Kazi yao ilikuwa kubeba masanduku kichwani, kupiga kelele kwamba mizimu imekasirika, na kufa mapema, ili Mzungu na mchumba wake wabaki kupambana. Wana wa warina asali wakimbie nyuki! Anselm, Wilbroad na rafiki zao wawili walicheka, wakakubali.

Karani alipotaka majina, Anselm alishika kalamu, maana ndiye aliyesoma shule ya jioni. Mababu zao walipokwenda pwani na misafara waliacha jina la nyumbani wakachukua jina la njia, na waliporudi wakalitua mlangoni. Basi kwa mzaha akawaandika wote hivyo. Rafiki yao Mabruki akawa Pakacha. Yeye mwenyewe akawa Kalamu. Wilbroad akawa Mwendapole.

Siku ya kufungua mzinga Wilbroad aliomba moshi. Akaambiwa moshi unaharibu picha. Kelele zake katika filamu ile si za kuigiza. Alikufa kesho yake kambini, akazikwa porini, na mvua mbili tatu zikafuta alama.

Mkewe alikuwa mjamzito. Binti aliyezaliwa, Recheli, leo ni bibi mwenye wajukuu, na ndiye aliyeleta habari: filamu inasafishwa upya, na mwishoni wataandikwa wote walioigiza bila kutajwa.

"Baba mkubwa, nionyeshe ni yupi," alisema, akimsogezea simu yenye filamu ile.

Anselm aliweka kidole. Sekunde kumi na moja. Recheli akairudia mara tatu, akiwa amezima sauti.

Anselm akawaandikia wenye filamu barua ya kwanza. Jibu likaja: katika orodha yetu hakuna Wilbroad, leta shahidi aliyemo kwenye orodha, jina lenye utata halitaandikwa kabisa.

Alikwenda Kanyenye kwa Mabruki, ambaye bado anashona kanzu.

"Shahidi?" Mabruki alisema. "Kwao mimi ni Pakacha. Nipeleke kitambulisho gani, bwana Kalamu?"

"Sema tu ulichoona."

"Nilikuona wewe, unaandika huku unacheka." Kisha mzaha ukamtoka usoni. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Hujakosea."

Wa nne wao, Damas, alikwisha kufa. Hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Jioni alimweleza Recheli yote, hata kile kicheko, ambacho hakuwahi kumwambia mtu kwa miaka hamsini. Recheli alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo wataandika Mwendapole."

"Ndilo walilonalo."

"Na wajukuu watajuaje kwamba ni babu yao?"

Babu yake Anselm alikuwa akisema kwamba aliyefia njiani huzikwa na jina la njia, kwa kuwa hakufika mlangoni kulitua. Alipokuwa kijana aliona ni maneno ya wazee tu.

"Waandikie," Recheli alisema mwishowe. "Wasije wakatunyima hata hilo."

Asubuhi Anselm alivaa koti, akakaa mezani, akaandika kwa mwandiko ule ule mzuri: "Waheshimiwa, naondoa dai langu. Hakuna Wilbroad. Tafadhali mwandikeni Mwendapole." Chini akatia sahihi: Kalamu.

Posta alilamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, akabandika stempu, akaitumbukiza.