Wasomaji wa Gatina

Jioni Okeyo aliporudi kutoka kaburini, Adero alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe. Okeyo hakupiga hodi, maana nyumba ilikuwa yake. Alivuta kigoda, akawasha koroboi, akachukua kitabu alichokiacha juu ya kabati kabla kifua hakijamuua, akaendelea pale alipokuwa amefika.

"Nyar Alego, unasikia?" Ndivyo alivyozoea kumwita mkewe, binti wa Alego.

"Nasikia. Soma."

Ulikuwa mwaka wa 1996, katika mtaa wa mabanda wa Laini Saba, hatua chache kutoka kwenye reli. Enzi za uhai wake Okeyo alikuwa fundi wa masanduku ya bati. Kitabu kilikuwa cha chumba cha kusomea cha mtaa, nacho kilimhusu mjane aliyewashtaki shemeji zake kwa kumnyang'anya shamba. Adero hakujua kusoma, na shemeji zake walikuwa wameifunga nyumba yake ya kijijini kwa kufuli, matanga hata hayajaisha. Alitaka sana kujua mahakama ilisema nini.

Majirani waliposikia sauti ya marehemu walisogea mlangoni. Mmoja alinyonyesha, mwingine alimenya viazi, na watoto wakafuatisha herufi za jalada kwa kidole. Treni ilipopita Okeyo alinyamaza, kisha akaendelea. Ikawa hivyo kila jioni.

Kitabu kilikuwa na kasoro zake. Mvua ilikuwa imekivimbisha, herufi zilikuwa ndogo kama chawa, na sura ya hukumu ilikuwa imeliwa na panya. Okeyo alipofika hapo alikifunga, na jioni iliyofuata wakaenda pamoja kwenye chumba cha kusomea kutafuta nakala nyingine.

Walikuta rafu zikipakiwa kwenye mkokoteni. Mourine, msichana aliyekitunza chumba hicho, alikuwa amesimama kando na ufunguo mkononi.

"Aki mama, mimi nimeambiwa tu," alimwambia Adero. "Wafadhili wameleta kompyuta. Vitabu elfu moja viko ndani ya sidii moja. Hakuna panya, hakuna mvua."

"Iko wapi?"

"Gatina, kwa mwenyekiti. Anasema huku stima si ya kutegemea."

Mwenyekiti wa chumba cha kusomea, Musau, alikuwa na ghorofa ya kupangisha kule Gatina, upande wa Kawangware. Chumba chenyewe alikigeuza baa. Vitabu vilienda kwa wauza njugu, vikachanwa ukurasa mmoja mmoja.

Adero na mumewe walifika Gatina kwa miguu. Askari wa geti alimtazama Okeyo, kisha akamtazama Adero.

"Mzee apite. Mathe, wewe ngoja hapo."

"Lakini mimi ndiye niko hai."

"Si ndiyo shida? Walio hai wana matope kwa viatu. Wanaomba maji, wanaomba choo. Marehemu hachafui carpet."

Kompyuta ilikuwa sebuleni. Haikuvihisi vidole vya Okeyo, kwa hiyo Mourine, aliyekuwa amehamishwa pamoja nayo, alimbonyezea. Herufi zilikua hadi zikawa kubwa kama vifuniko vya soda. Sura ya hukumu ilikuwemo, nzima. Okeyo aliisoma kimya, maana watoto wa Musau walikuwa wakitazama televisheni.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umechangamka.

"Mjane alishinda?" Adero aliuliza.

"Alishinda."

"Nisomee vile jaji alisema."

Okeyo alitazama mikono yake.

"Imebaki ndani," alisema. "Haiazimwi."

Baada ya hapo hakurudi tena Laini Saba. Mle ndani vitabu vilikuwa vingi, na marehemu hachoki macho. Jioni Adero alikwenda kusimama getini, akauona mgongo wa mumewe dirishani, umepakwa mwanga wa buluu. Alimwita mara moja. Okeyo aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi.

Wafu wengine walisikia habari hizo. Lazarus fundi wa viatu alikuja, kisha Seline msusi, ambaye maishani hakuwahi kushika kitabu. Sebule ikajaa. Stima ilipopotea waliketi gizani, mikono mapajani, wakingoja. Laini Saba, majirani wa Adero waliacha kukusanyika mlangoni. Wale watoto waliokuwa wameanza kutambua herufi kwenye jalada la kitabu wakazisahau.

Wafadhili walikuja mwaka uliofuata kukagua. Walifurahi kuona wasomaji wengi kiasi kile. Musau hakuwaficha kwamba wote walikuwa wamekufa, na mgeni mmoja akasema hilo ni jambo jema, kwani watu kama hao mara nyingi husahaulika. Wakaahidi kompyuta ya pili, nayo ilipofika ikawekwa kando ya ile ya kwanza.

Siku hiyo ya ukaguzi, mgeni huyo alipokuwa akitoka getini, Adero alimshika mkono wa koti.

"Na sisi je?"

Mgeni alimtazama kwa upole. Akamwambia asiwe na haraka. Zamu yake itafika.