Kikombe cha Mwarobaini

Mwanaima, au Mama Zubeda kama majirani walivyomwita, mke wa fundi mmoja wa mgodi wa Geita, alitoka Bagamoyo na mche wa mwarobaini ndani ya kopo. Kufikia mwaka 1951 mti ulikuwa umepita paa la nyumba yao, na kambi nzima ikiutegemea. Mtoto akipata surua, aliogeshwa maji ya majani yake. Majani makavu yalitiwa kwenye mtama ili wadudu wasiuingie. Wazee walikata vijiti vya mswaki.

Masika hayo homa ilimshika Paskalia, jirani yake wa ukuta mmoja. Alitetemeka hadi meno yakagongana. Mwanaima akachemsha majani na magome, akamnywesha kikombe asubuhi na kikombe jioni, siku tatu mfululizo.

"Chungu mno, Mama Zubeda," Paskalia alilalamika.

"Kunywa tu, mdogo wangu. Utapona."

Siku ya nne homa ikashuka. Siku ya tano, akipepeta mtama uani, Paskalia alishika tumbo akapiga magoti. Mwanaima ndiye aliyemwingiza ndani, ndiye aliyefua nguo zilizolowa damu. Mimba ilikuwa na miezi kama mitatu.

"Nilificha," Paskalia alisema huku akitazama ukuta. "Ile ya kwanza niliisema mapema, ikatoka."

 Kwao Mwanaima, Bagamoyo, hata msichana alijua kwamba mwenye mimba hapewi mwarobaini.

Jumapili mume wa Paskalia, Makoye, alikuja na jogoo kwapani.

"Shikamoo, Mama Zubeda."

"Marahaba, baba."

"Mtoto tumempoteza, lakini mke umeniachia. Bila dawa yako homa ingemchukua. Pokea."

Mume wa Mwanaima, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimkazia macho anyamaze. Mwanaima alimwona. Akamgeukia Makoye.

"Rudi naye, Makoye. Dawa ile mwenye mimba haimfai. Sikujua kama anayo, wala sikumwuliza."

Makoye alimrudisha jogoo kwapani. "Kwa hiyo ni dawa iliyomtoa mwanangu?"

"Huenda ni dawa, huenda ni homa yenyewe. Mungu ndiye anayejua. Lakini ilinipasa kuuliza."

Makoye aliondoka na jogoo wake bila kuaga.

"Nani alikutuma useme?" mumewe alifoka. 

Habari zilienea kambini. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyekuja kuchuma majani. Walipoanza kurudi, kila mwanamke aliulizwa kwanza kama ameona siku zake. Wengine waliona haya, wengine walikasirika. Asiyejibu aliondoka mikono mitupu.

Paskalia hakumsalimia tena. Wakikutana bombani, aliinua ndoo yake kabla haijajaa. Mwaka uliofuata yeye na Makoye walihamia Kharumwa kulima. Mwanaima alisikia kwa watu kwamba Paskalia alijifungua mtoto wa kike, mzima. Alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaingia ndani, akaketi kitandani akalia.