Wa Kushoto, Simameni

Asubuhi ile nilivunja chaki tatu kabla hata sijaandika tarehe ubaoni. Mthibiti ubora wa shule, Mzee Polikarp, alikuwa ameketi nyuma ya darasa, faili mapajani. Kando yake alikaa mkuu wetu wa shule, Mwalimu Beda, akitabasamu bila sababu. Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Msamala, mwaka wa tatu sasa, na mkuu alikuwa ameniambia waziwazi: "Walburga, mgeni akikuandika vizuri, barua yako ya kuombea ajira naisaini kesho." Barua hiyo niliitaka kuliko chakula.

Somo la siku hiyo lilikuwa upatanisho wa kiima na kitenzi katika Kiingereza, na kuchagua nyakati. Linanikera somo hili. Kiswahili chetu kinapatanisha kila kitu, kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka, na hata mtoto wa chekechea hakosei. Kiingereza kinataka herufi moja tu, es, nayo haitulii: mvulana akiwa mmoja inakaa kwenye kitenzi, wakiwa wengi inahamia kwenye jina. Hapo ndipo Kidato cha Pili B kinapoteleza kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo nilifanya wanachofanya baadhi yetu mgeni akija, wala sijivuni. Niliwaambia wanafunzi, "Nikiuliza, wote nyoosheni mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto." Tulifanya mazoezi wiki nzima.

Nikaandika: *My mother ... to Maposeni every Friday.* Mikono sitini na mmoja ikapaa. Nikamwita Edmund, wa kulia.

"Goes, madam!"

Nikafuta *every Friday*, nikaweka *yesterday*, nikamwita Careen, naye wa kulia.

"Went, madam!"

Makofi. Mkuu akamnong'oneza mgeni. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na Songea mwezi wa saba baridi inauma mpaka mifupani. Macho yangu hayakutulia, mara kwenye saa, mara kwenye faili, mara dirishani. Kengele ilikuwa imegoma kulia.

Mzee Polikarp akasimama. "Mwalimu, niruhusu niulize mimi." Akaja ubaoni, akaandika vipande vitatu, *she, live, since 2023*, akataka sentensi kamili. Mikono yote juu. Akapita polepole katikati ya madawati hadi kwa msichana wa dawati la mwisho.

"Wewe, wa mkono wa kushoto. Unaitwa nani?"

"Zabibu, sir."

Akasoma vile vipande kama vilivyo ubaoni. Akamwita wa kushoto mwingine, kisha mwingine. Wote wakakosea. Mzee huyu alishika chaki miaka mingi kabla hajashika faili, na mchezo wetu aliujua sisi hatujazaliwa.

"Wa kushoto wote, simameni."

Wakasimama thelathini na wanane. Nilitamani sakafu inimeze.

Mkuu akadakia haraka. "Mzee, hao wengi wao wamehamia muhula huu huu. Wametukuta katikati ya somo. Au sivyo, Mwalimu Walburga?" Akanikazia macho.

Nilitakiwa kusema ndiyo tu, na barua ingekuwa yangu. Nikawatazama wale waliosimama, na kilichonichoma zaidi hakikuwa uongo wa mkuu. Wiki nzima, kwa kila swali, watoto hawa walikuwa wananionyesha kwa mikono yao kwamba hawaelewi. Nami niliwaruka, nikashukuru kwamba nawajua wa kuwaruka.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ni wangu wote. Ninao tangu kidato cha kwanza."

Mkuu akainuka, akatoka bila kuaga. Barua ile haijasainiwa hadi leo.

Mzee Polikarp hakunigombeza. Alitazama saa tu. "Zimebaki dakika ishirini. Fundisha."

Nikaenda hadi dawati la mwisho, nikachuchumaa. Nilifundisha ovyo, kwa pupa, nikichanganya Kiswahili na Kiingereza kinyume cha kanuni za shule. Nikamwambia Zabibu, "Tuseme huyu *she* ni shangazi yako. Alihamia hapa 2023, na bado yupo. Jambo limeanza, halijaisha. Hapo tunaweka *has*." Akajaribu, akakosea. Nikamrudisha mwanzo. Akajaribu tena, akakosea kwingine. Mara ya nne akasema taratibu, "She has lived here since 2023."

Darasa likapiga makofi bila kuamriwa. Yeye akainamisha kichwa, machozi yakadondoka juu ya daftari.

"Sasa unalia nini, na umepata?" nikamuuliza kwa ukali, maana nami nilikuwa karibu kulia.

"Samahani, madam," akasema. "Hata Hesabu mimi ni mkono wa kushoto. Baiolojia kushoto. Mwaka wa pili huu niko hapa, leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa swali."