Ukuta Mtamu

Kitendawili: mtaa umejaa watoto, kelele hakuna. Nakutegea wewe unayesoma, maana mjukuu wangu hanijibu tena.

Zamani sijamaliza kutamka, yeye keshadakia, "Tega!" Mkwe wangu akitucheka, ati huyo mume wangu mdogo atanizeesha kwa ubishi. Siku hizi nikimtegea ananitazama midomo tu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Nampakata, yupo, ana joto. Lakini kuna kitu kinamchukua kidogo kidogo, kinatuachia shati na miguu.

Nyumba yetu, kama zote za mtaani, imepigwa lipu kwa majivu ya kiwanda wanakoyeyusha betri kuukuu. Wafanyakazi waligawiwa bure, na mwanangu siku ile alirudi anapiga mluzi. Lipu ilikauka ikawa laini kama unga. Usawa wa kitanda cha mtoto pana shimo. Nilidhani ni panya.

Basi nesi wa zahanati akatangaza kwamba atapita kupima damu za watoto kama zina risasi, ile sumu tamu ya betri. Nyapara wa kiwanda akamtangulia. Alikuja na salamu ndefu, akaulizia hata magoti yangu, kisha akasema mzazi atakayemtoa mwanawe damu asijisumbue kurudi kazini.

Asubuhi nesi alipoingia mtaani, tulisikia makomeo yakifungwa nyumba baada ya nyumba. Mwanangu alisimama nyuma ya mlango wetu. Mkewe akamsihi afungue. Mwanangu akauliza tutakula nini. Nikamwambia nitakula nitakachopata, afungue. Mkono wake ukabaki kwenye komeo.

Ndipo tukasikia: krr, krr. Mtoto ameinama pale penye shimo, anakwangua kwa kucha, analamba vidole.

"Unafanya nini, baba?" mwanangu akamuuliza.

"Tamu."

Mwanangu akapiga magoti. Akapitisha kidole ukutani, akakitia mdomoni. Nilimwona uso ukimshuka. Aliigusa ile lipu aliyoipiga kwa mikono yake, akaigusa tena, kama anayetafuta mlango ndani yake.

"Ni tamu kweli, Mama," akasema.

Akamnyanyua mtoto, akafungua.

Nesi alikuwa ameweka meza yake barabarani, peke yake, na vichupa vyake vitupu. Ng'ambo alisimama nyapara, simu sikioni, akimtazama mwanangu bila kupepesa. Mwanangu akakaa, akampakata mtoto, akamkunjia mkono wa shati. Nesi akatuonya kwamba itauma.

Sindano ikaingia. Damu ikapanda polepole. Mtoto akaitazama kama ya mtu mwingine.

Nikamshika kile kiganja kingine. Katika madirisha yote mapazia yalikuwa yametulia, na nilijua nyuma ya kila pazia kuna mama amesimama, na mtoto asiyelia.

"Lia, mume wangu," nikamwambia. "Lia kidogo tu, wakusikie."